Dakika Tano za Lamu

Ukimtaja Barnabas Odera Bondeni leo, utahadithiwa dakika moja tu. Mtu alisimama golini miaka kumi na minne, akafundisha wengine kusimama golini miaka ishirini, akaoa kwa ndoa ya kanisani, akasomesha binti hadi chuo kikuu, akawazika wazazi wake kwa heshima huko Busia. Yote hayo hayatajwi. Hutajwa tende moja na mpira mmoja, kisha watu hucheka. Basi na isemwe hapa kutoka mwanzo, maana aujuaye mwisho wa jambo peke yake hajui jambo.

Barnabas alifika Mombasa mwaka 1987, kijana wa miaka ishirini, mrefu kupita wenzake wote, akapokewa na baba yake mdogo aliyekaa katika nyumba za zamani za Buxton na kufanya kazi ya ukuli Kilindini. Wiki ya pili naye alikuwa bandarini. Siku hizo magunia mengi yalishushwa kwa mikono: watu walijipanga safu kutoka kwenye lori hadi ndani ya ghala, gunia likarushwa mtu kwa mtu, na halikurushwa kwa adabu. Aliyechelewa kulidaka alilidaka kwa kifua. Barnabas hakulidaka hata moja kwa kifua. Hakumtazama mrushaji, alitazama gunia lenyewe, na mikono yake ilikwenda mbele kidogo kulipokea, ikarudi nalo taratibu, kama ya mtu anayepewa mtoto mchanga.

Msimamizi wa safu, ambaye ndiye aliyeisimamia pia timu ya makuli iliyoitwa Gati Nane, alimtazama siku tatu bila kusema neno. Siku ya nne akamwita, kwa lafudhi ya kisiwani isemayo "ndoo" badala ya "njoo".

"We mrefu! Jumamosi ndoo uwanjani."

"Sina viatu vya mpira, bwana."

"Nani kakuuliza viatu? Kipa ataka mikono. Ndoo nayo."

Akaenda nayo, na kwa miaka kumi na minne hakuna aliyemtoa katikati ya milingoti ile miwili. Gati Nane haikuwa timu ya fahari. Jezi zilikuwa seti moja, na glavu za Barnabas zilishonwa na kushonwa tena hata rangi yake ya kwanza ikasahaulika. Alivunjika vidole vitatu kwa misimu mitatu tofauti, na vyote vilijiunga vyenyewe vikiwa vimepinda, kwa kuwa kila mara kulikuwa na mechi Jumamosi iliyofuata. Mwaka 1994 aliitwa kambi ya timu ya taifa, kipa wa tatu. Alikaa wiki mbili Nairobi, akadaka mipira ya mazoezi asubuhi na jioni, akarudi bila kuingia uwanjani hata dakika moja. Wenzake bandarini walipomuuliza, "Haya, huko kukoje?" alijibu, "Baridi." Hakuna aliyewahi kumsikia akimlaumu mtu.

Mwaka uliofuata alimwoa Emmah Nasipwondi, mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Bungoma. Mwalimu Emmah hakuipenda kandanda. Alimpenda mwanamume aliyerudi nyumbani na mchanga masikioni lakini hana harufu ya pombe, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa, na ambaye watu wa kila dini walimsalimu kwa jina lake kamili. Yeye binafsi alikuwa mwanamke wa kunyoosha mambo: mashuka, madaftari, na maneno ya watu. Walipopata binti yao Wendy, wakawa Baba Wendy na Mama Wendy, na nyumba yao ya vyumba viwili ikawa haina jambo la kusengenywa.

Kisha makontena yakaja kwa wingi, safu za magunia zikafa, na Gati Nane ikafa nazo. Barnabas akapewa kazi ya ukarani katika geti la bandari. Jioni akawa hana pa kwenda. Akasomea ukocha, kozi baada ya kozi, na kila cheti alichopata mkewe alikitia katika fremu akakitundika sebuleni, juu ya picha ya harusi.

Ndipo klabu ya Nujum ya Bondeni ikamwita. Mwanzoni awafundishe makipa tu; baada ya miaka miwili, timu nzima.

Makipa aliwafundisha kwa mapapai. Kila Jumanne alipitia soko la Marikiti akachagua mapapai mabivu, yale yanayobonyea ukiyashika vibaya, akawarushia mmoja mmoja. Papai likipata alama ya kidole, umefeli. Likipasuka, unalila hapo hapo mbele ya wenzako. "Mpira ni mgumu, ndiyo maana mnauparamia," aliwaambia. "Jifunzeni kwa kitu kinachoumia." Watu walimcheka, lakini makipa wa Nujum hawakuponyokwa na mpira mikononi, na vilabu vikubwa vya bara vilikuja kuwachukua.

Kanuni yake ya pili ilikuwa hii: kipa ana macho manne, mawili yake na mawili ya kocha. Mara nyingi kipa anautazama mpira na haoni mengine. Kwa hiyo, kocha akisema toka, unatoka. Akisema ganda, unaganda. Ukianza kuuliza, umekwisha fungwa.

Na kanuni hiyo hakuna aliyeishika kama Khubaib. Khubaib alilelewa Mji wa Kale na bibi yake, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Nana. Alikuja kwa Barnabas akiwa na miaka kumi na sita, mikono mirefu, moyo mwepesi. Kufikia miaka ishirini na mbili alikuwa kipa bora kisiwani, na ilisemwa wazi kwamba klabu moja ya Nairobi ingemsajili baada ya Idi.

Barnabas alikuwa Mkristo, na Nujum karibu wote Waislamu. Hilo halikuwahi kuleta neno. Mwezi wa Ramadhani, kwa mfano, hakuna aliyepata kumwona akinywa maji uwanjani, hata mazoezini, hata Machi jua linapochemsha changarawe. Alikunywa nyumbani. Na kwa vile ni yeye aliyekuwa hafungi, wachezaji walimfanya mshika tende. Mechi zilizochezwa alasiri kuelekea Magharibi, yeye ndiye aliyesimama na sahani na chupa za maji, tayari.

"Kocha, umebakisha shahada tu!" alipenda kumtania Tsuma, mshambuliaji wake.

"Nimebakisha na njaa," Barnabas alijibu, na kikosi kizima kilicheka.

Uwanja ule wa Bondeni una desturi ambayo haikuandikwa popote. Mechi ya Ramadhani hupangwa iishe kabla ya adhana ya Magharibi. Ikichelewa, adhana ikaanza mpira ukiwa bado unachezwa, aliye na mpira huuweka chini. Haugusi tena yeye, wala haugusi adui. Wote hufuturu kwa tende na maji pale pale, husali, kisha humalizia. Barnabas aliijua desturi hiyo kuliko vijana waliozaliwa nayo. Yeye ndiye aliyewaeleza marefa wageni. Siku zote alisema, kwa majivuno kidogo ambayo ni haki yake, "Mimi nimekaa na watu hawa. Nawajua."

Fainali ya Kombe la Mfungo, mwaka 2023, ilichezwa chungu cha ishirini na saba cha Ramadhani. Nujum walikutana na Sahil, timu iliyofundishwa na Gunga, ambaye zamani alicheza na Barnabas Gati Nane. Mgeni wa heshima alichelewa zaidi ya nusu saa, na mpira haukuanza mpaka akae kitini. Refa alitoka Voi. Barnabas alimweleza desturi, naye akaitikia kwa kichwa. "Adhana ikiadhiniwa nitasimamisha," alisema.

Dakika ya themanini na nane ilikuwa bila kwa bila. Tsuma alikuwa amegonga mwamba mara moja. Barnabas alimwachia msaidizi wake benchi, akaenda kusimama pembeni mwa goli la Khubaib na sahani yake ya tende, kwa kuwa kipa ndiye anayekuwa mbali zaidi na maji. Ikaja krosi ya Sahil kutoka kulia, ndefu, ya juu. Khubaib akaruka, akaidaka safi, akatua nayo kifuani.

Hapo kipaza sauti kikasema, "Allahu akbar, Allahu akbar."

Ilikuwa adhana nzuri, isiyo na mkwaruzo, na ilijaa uwanja mzima.

"Weka chini, mwanangu!" Barnabas akaita. "Futuru!" Na mkono wake ulikuwa umekwisha nyooka na tende.

Khubaib alimtazama mara moja. Akauweka mpira chini, akapokea tende, akaitia kinywani. Mshambuliaji wa Sahil, ambaye hakusimama hata hatua, akapita kati yao akausukuma mpira wavuni kwa ubavu wa mguu, polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Refa akapuliza filimbi, akanyoosha mkono katikati ya uwanja.

"Samahani jamani!" kipaza sauti kikapiga kelele. "Simu yangu hiyo! Ni saa za Lamu! Bado dakika tano!"

Mtangazaji wa mechi alikuwa kijana wa Mji wa Kale aliyetoka Lamu mazishini juzi yake. Simu aliyoiunganisha na kipaza sauti ili ipige kaswida wakati wa mapumziko ilikuwa bado ikiadhini kwa saa za Lamu, ambako jua hutua mapema kuliko Mombasa. Watu walicheka kwanza, wakamtupia maneno ya mzaha. Kisha wakatazama golini, na kicheko kikakauka.

Wachezaji wa Nujum walimzingira refa. Refa alisema hakusikia adhana ya msikiti wowote, alisikia simu. Alikuwa na haki. Mshambuliaji wa Sahil aliapa kwa Mungu kwamba alijua wakati haujafika. Alikuwa amefunga, na alikuwa akiihesabu jioni ile tangu alasiri. Naye alikuwa na haki. Kila mtu uwanjani alikuwa na haki isipokuwa mtu mmoja mwenye sahani mkononi.

Mechi ikaisha bao moja kwa bila. Dakika chache baadaye misikiti ya Bondeni na ya Mji wa Kale ikaanza kuadhini, mmoja ukiujibu mwingine, adhana ya kweli. Wachezaji wa Nujum walikuwa wamekaa chini. Barnabas akapita na tende. Hakuna aliyemtukana. Walitazama upande mwingine, mmoja mmoja wakainuka, wakaenda kufuturu kwa maji ya bomba.

Alirudi nyumbani na sahani imejaa. Mkewe aliitazama, akamtazama yeye, akasema, "Keti ule." Hakuuliza, maana sauti za jirani zilikuwa zimekwisha kumweleza.

Maneno yalianza usiku ule ule, na kesho yake yalikuwa yameota miguu. Ati asiyefunga ana haraka gani ya futari? Ati kocha huyo hakuwa karibu na benchi, alikuwa karibu na goli. Alifuata nini kule? Ati siku mbili kabla ya fainali, usiku baada ya futari, alionekana na Gunga wakinywa soda katika mkahawa wa Wahindi, vichwa vimekaribiana. Na hilo la mwisho lilikuwa kweli. Walikuwa wamekaa karibu saa nzima wakizungumzia magoti yao, nani atafanyiwa upasuaji kwanza.

Barnabas alimfuata Gunga kwake.

"Njoo kwenye kamati useme tulizungumza nini," alimwambia.

Gunga alishusha macho. "Barna, nikija kukutetea, watasema kombe langu limenunuliwa. Vijana wangu wamelitolea jasho, na wamefunga."

"Kwa hiyo mimi niseme peke yangu?"

"Wewe wajua kweli, nami naijua. Si yatosha?"

"Haitoshi," Barnabas alisema, na Gunga akamwitia chai ambayo hakuinywa.

Lakini hayo aliyavumilia. Lililomchoma ni lile la Nana. Alikutana naye kwenye kichochoro cha Mji wa Kale, mwanamke mzee aliyejitanda buibui lake, akamsalimu, "Masalkheri, Nana." Nana akaitikia vizuri, akamuuliza hali ya nyumbani, ya mkewe, ya Wendy, salamu zote kwa ukamilifu kama ilivyo ada. Kisha akasema, "Mwanangu, kombe litakuja jingine. Lakini mtoto alifungua kabla ya wakati kwa mkono wako. Siku ile ya Mungu, katika kumi la mwisho la Ramadhani. Ailipe, atailipa. Lakini siku ya kulipa ndiyo ile?"

"Nisamehe, Nana."

"Mimi nimesamehe. Mimi si mwenye siku."

Na akaenda zake, bila hasira yoyote. Barnabas alisimama pale akitamani angetukanwa.

Siku ya tatu ya Idi aliitwa kwenye kamati ya klabu, chumba cha ghorofani juu ya duka la vitambaa. Mwenyekiti alikuwa Bwana Masha, wakala wa forodha Kilindini, mtu mwenye sauti kubwa na moyo mkunjufu, aliyekuwa akimtambulisha Barnabas kwa wageni kama "kocha wangu." Siku hiyo alimwita "Kocha" tu.

"Hatukushtaki," Bwana Masha alianza. "Twataka kuelewa."

Mjumbe mmoja mzee wa Mji wa Kale, Bwana Famau, akaomba kuuliza.

"Ndugu yangu, siku ile ulikuwa umefunga?"

"Sikufunga."

"Basi ile haraka ilikuwa ya nani?"

Watu wakacheka chinichini. Barnabas akasubiri wamalize. "Nilisikia adhana, Bwana Famau. Nikafanya ninavyofanya kila mwaka."

"Sote tuliisikia. Watu elfu uwanjani, kuna aliyetia tende kinywani? Wachezaji ishirini na wawili, mmoja tu. Na huyo mmoja alilishwa na wewe. Wajua kwa nini sisi hatukula?"

Bwana Famau akajijibu mwenyewe.

"Kwa sababu mwenye kufunga huijua dakika yake. Hata mtoto wa miaka minane, wa chungu chake cha kwanza, aijua. Tumbo lamwambia, jua lamwambia, saa ya mkononi aiangalia mara hamsini. Simu ilipolia sote tulisema, hii nayo yatoka wapi? Wewe miaka thelathini na sita u hapa na sisi. Utuambie hukujua?"

"Sikujua," Barnabas alisema.

Na hiyo ndiyo ilikuwa kweli yenyewe, kavu. Aliiheshimu saumu ya watu miaka yote ile, akaificha kiu yake mbele yao, akawashikia tende, na siku zote hizo hakuwahi kuitazama saa, kwa sababu haikuwa njaa yake. Alikuwa akingoja kuambiwa. Akiambiwa tu, hata na kipaza sauti, alitii upesi kuliko wenyewe. Alitaka kulisema hilo pale, lakini alipolipanga kichwani lilikuwa kama maneno ya mwizi anayeeleza kwamba mlango ulikuwa wazi. Akaliacha.

Khubaib aliitwa. Alisimama karibu na mlango, mikono nyuma.

"Uliuweka mpira kwa nini?" Bwana Masha alimuuliza.

"Kocha alisema."

"Na wewe tumbo lako halikukwambia kitu?"

"Lilinambia."

"Basi?"

"Kocha ndiye alosema," Khubaib alirudia, na hakuinua macho.

Hakusema uongo. Lakini kulikuwa na mengine ya kusema, kama angetaka: kwamba mtu huyu alimfundisha miaka sita, kwamba alimtafutia klabu ya Nairobi yeye mwenyewe, kwamba anayeuza mechi hauzi kipa wake wiki ya kusajiliwa. Barnabas alimngoja ayaseme. Bwana Masha naye alingoja kidogo. Kisha akasema, "Haya, nenda." Khubaib akaenda, na mwezi uliofuata alikuwa Nairobi. Huyo naye ana maisha yake. Asilaumiwe kupita kiasi. Lakini na lisisahauliwe.

Baada ya siku mbili Bwana Masha alikuja mwenyewe nyumbani kwa Barnabas na barua. Alikaa sebuleni chini ya zile fremu, akakubali juisi, akaeleza kwa upole. Barua ilisema kwamba Bwana Barnabas Odera ameomba kupumzika kwa sababu za afya, na klabu inamshukuru. Klabu ingempikia pilau ya kumuaga. Baada ya miezi kadhaa, maneno yakipoa, angerudi kama mshauri wa makipa, na mapapai yake. Alitakiwa kutia sahihi tu.

"Na nisipotia?"

"Wajumbe wataandika yao, Kocha. Na yao hutayapenda. Nimewabembeleza mpaka hapa."

Alipoondoka, Mwalimu Emmah alivaa miwani akaisoma barua mara mbili.

"Afya ya nani?" aliuliza.

"Mama Wendy."

"Nauliza. Wewe waugua nini?"

"Ni namna ya kusema tu. Watu wote wataelewa."

"Ndiyo, wataelewa! Wataelewa kwamba umeondoka kimya kimya kwa kuwa una la kuficha. Mtu asiye na hatia haugui ghafla, Baba Wendy. Wendy ataolewa kwa watu. Watauliza baba yake alikuwa nani. Tuwaambie alikuwa mgonjwa?"

Barnabas alikuwa na kalamu mkononi. Aliona pilau, hotuba, aibu ya jioni moja; na ng'ambo ya aibu hiyo aliona goli, na yeye nyuma ya wavu, na kipa mpya mwenye mikono mibichi. Hakutaka kitu kingine duniani.

"Ule uwanja," alisema, "ndio nilio nao."

"Uwanja si jina lako."

Katika miaka yote ya kuwa kipa hakuwahi kumwachia mtu mwingine aamue krosi itoke au idakwe. Siku ile aliitazama kalamu, akamtazama mkewe, akaiweka mezani. Mkewe alidhani ameshinda, na kwa kuwa alikuwa na haki, hakuona kuwa alichokishinda ni uwanja wa mumewe.

Kesho yake Barnabas aliipeleka barua ofisini kwa Bwana Masha, Kilindini, bila sahihi.

"Siumwi," alisema.

"Kocha, kila mtu huumwa kidogo."

"Mimi siumwi."

Bwana Masha alivuta pumzi. "Basi umenifunga mikono."

Barua ya pili haikuletwa nyumbani. Ilibandikwa ubaoni nje ya klabu, mahali ambapo kila aendaye Marikiti hupita. Ilisema Barnabas Odera ameachishwa kazi ya ukocha kutokana na mashaka juu ya uaminifu wake katika mechi ya fainali. Hapakuwa na ushahidi, wala mtu wa kuulizwa ushahidi. Neno "mashaka" lilitosha. Mashaka hayahitaji kuthibitishwa, yakithibitishwa huacha kuwa mashaka. Mwalimu Emmah aliandika barua ya majibu, kurasa tatu, kila hoja mahali pake. Haikujibiwa. Akaandika ya pili. Wanawake kanisani walimpa pole kwa sauti ya kumpa pole mfiwa.

Barnabas hakufundisha tena. Vilabu vitatu vidogo vilimtuma mtu kuulizia, na kila kimoja, baada ya wiki, kikanyamaza. Alistaafu bandarini mwaka huo huo. Asubuhi alinunua gazeti, jioni alizunguka kisiwa kwa miguu, akichagua njia zisizopita uwanjani. Hakumlaumu mkewe hata siku moja, na kutomlaumu kwake kulikaa nyumbani mwao kama mgeni asiyeaga.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Mfungo Mosi, Ramadhani ikiwa imekwisha, alasiri moja alikaa kwa muuza kahawa karibu na Bondeni. Kando yake vijana wawili walikuwa wakicheza dhumna. Mmoja akasukuma vipande katikati kwa haraka, akasema, "Haya, mchezo umekwisha, changanya!"

"Wee! Umekwisha wapi?" mwenzake akamshika mkono. "Usinifuturishe Kiodera!"

Wakacheka wote wawili. Barnabas akageuka.

"Umesema nini, kijana?"

"Samahani mzee, tunataniana tu."

"Najua. Nauliza lile neno."

"Kufuturisha Kiodera? Ah, wewe si wa hapa! Ni kumwambia mtu wakati umefika na haujafika, ili umle. Kuna kocha mmoja, ati, aliuza fainali kwa tende moja."

"Hakuuza."

"Kwani wamjua?"

"Odera ndiye mimi," Barnabas alisema.

Vijana walitazamana. Kisha yule wa kwanza akapiga paja kwa kicheko, kicheko kizuri kisicho na ubaya ndani yake.

"Mzee, nawe una mzaha! Huyo Odera si mtu. Ni msemo tu wa uwanjani, hata babangu ausema."

"Ni mtu. Jina lake Barnabas. Alikuwa kipa wa Gati Nane."

"Gati nane ya bandarini?" yule kijana aliuliza kwa adabu, kama anavyoulizwa mzee aliyeanza kupotewa na maneno. Jina la timu lilikuwa halimwambii kitu. Akamgeukia muuza kahawa. "Mpe Mzee Odera kikombe kingine, juu yangu!"

Muuza kahawa, aliyekuwa akicheka naye, akamimina. Vijana wakarudi kwenye dhumna yao, vipande vikagonga meza. Barnabas alikitazama kikombe. Kukikataa kungehitaji maelezo, na maelezo alikwisha yatoa yote, mbele ya watu waliomjua. Akakinywa.